Nani Alimnyoa Morani?

Mwaka wa 1967, serikali ya Tanzania iliamua kwamba Wamaasai wavae suruali.

Si utani. Ni mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, taifa zima likiwa na ari ya ujamaa na kujitegemea, na huko kaskazini viongozi wakaanzisha kampeni dhidi ya mwonekano wa Kimaasai. Ilikuja kujulikana kwa jina la Kiingereza, Operation Dress-Up, jambo ambalo tayari linachekesha kwa nchi iliyokuwa ikijivunia Kiswahili chake. Kampeni ilitaka lubega iachwe, ile nguo moja inayofungwa begani na kuacha ubavu na mguu wazi. Ilitaka watu waache kujipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Ilitaka nywele ndefu za mamorani zikatwe. Waoge, wavae suruali na gauni, wafanane na raia wengine.

Nilipokuwa chuo, kabla sijatoka (karo, stori ya siku nyingine), tulisoma Azimio la Arusha mpaka tukalikariri. Suruali haikutajwa hata mara moja. Nilikutana nayo baadaye, nikijisomea mwenyewe, kwanza kwa mwanahistoria Andrew Ivaska halafu kwa Leander Schneider, na tangu hapo sijaweza kuiacha. Kwa sababu tukiongea kuhusu urembo na ukoloni sisi hukimbilia mzungu moja kwa moja. Mzungu alituambia nywele zetu ni mbaya, mzungu alituletea krimu za kuchubua ngozi. Ni kweli, na imeandikwa sana. Lakini hawa waliotaka kumnyoa morani mwaka wa 1967 hawakuwa wazungu. Walikuwa Waafrika, wapenda taifa, watu waliopigania uhuru. Kwa nini basi nywele za kijana mchungaji ziwakere hivyo?

Tuanze na nywele zenyewe, maana ukidhani ni mtindo tu hutaelewa kilichokuwa kinachukuliwa.

Kwa Wamaasai, kichwa ni kama kitambulisho. Wanawake hunyoa. Wavulana hunyoa. Morani, yaani kijana aliyetahiriwa na kuingia rika la wapiganaji, ndiye anayefuga nywele. Anazisuka nyuzi nyembamba ndefu, anazipaka mafuta na udongo mwekundu. Rafiki yake ndiye anayemsuka, na kazi hiyo inaweza kuchukua siku nzima. Udongo wenyewe una historia ndefu kuliko serikali yoyote ya ukanda huu. Jina Olkaria, pale Naivasha panapotoka umeme wa mvuke tangu 1981, ni la Kimaa na linatokana na udongo huo. Huenda simu unayosomea haya imechajiwa na Olkaria.

Halafu inafika siku ya eunoto, sherehe inayofunga ujana na kumfungulia morani njia ya kuwa mzee. Siku hiyo mama yake ananyoa zile nywele. Mamorani hulia siku hiyo, watu wazima wenye misuli, kwa sababu wembe wa mama unamaliza miaka ya maisha yao. Baada ya hapo anaweza kuoa na kuketi na wazee. Sasa fikiria wembe huo ukishikwa na afisa wa serikali, siku yoyote, kwa sababu yoyote. Nywele zile zile zinakatwa lakini hakuna kilichokamilika. Kijana anarudi nyumbani na kichwa cha mzee bila kuwa mzee.

Viongozi walijieleza kwa maneno mawili, usafi na maendeleo. Kulikuwa na neno la tatu ambalo halikusemwa kwa sauti kubwa sana, nalo ni aibu. Watalii walikuwa wanakuja na kamera zao, wanapiga picha za watu wenye lubega, wanarudi Ulaya kuonyesha Afrika. Kwa afisa aliyevaa suti nadhifu na aliyetaka dunia ione viwanda na shule, picha ile ilikuwa inamwumbua. Alipomtazama Mmaasai alijiona yeye mwenyewe akitazamwa na mzungu. Hakuweza kumkataza mzungu kuangalia, kwa hiyo akamvalisha nguo anayeangaliwa.

Hapo hadithi inageuka kwa namna ambayo hata mwandishi wa vichekesho angeona imezidi.

Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, mini, mawigi, krimu za kuchubua ngozi na suruali za kubana vingepigwa vita Dar es Salaam. Sababu? Si za Kiafrika. Ni kasumba ya kikoloni, zinadhalilisha utamaduni wetu. Hata kabla tarehe haijafika, vijana wa kiume walikuwa wamekwisha kuwavamia wanawake pale Kariakoo, wakiwatoa kwenye mabasi na kuwachania nguo, mpaka polisi wakaingilia kati.

Weka miaka hiyo miwili kando kwa kando. Arusha, Mmaasai anaambiwa avue lubega kwa sababu ni ya Kiafrika mno. Dar, dada anaambiwa avue mini kwa sababu si ya Kiafrika. Serikali moja, chama kimoja. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema wahenga, lakini hapa aliyeacha mila alipigwa na aliyeshika mila alinyolewa.

Watu wa wakati ule hawakuwa wajinga, waliona. Kurasa za barua kwenye magazeti zilijaa ubishi. Wapo waliouliza hiyo suti na tai ya kiongozi imetoka kijiji gani. Wapo waliouliza kwa nini mapaja ya mwanamke wa mjini yawe dhambi na ya Mmaasai yawe ushamba. Kama utamaduni wa Kiafrika ndio unaolindwa, si Mmaasai angekuwa mfano wa kuigwa?

Jibu lake ni rahisi ukishaacha kuamini kwamba hizi zilikuwa kampeni mbili. Ilikuwa moja. Zote zilipima watu kwa rula moja, na rula hiyo ilikuwa mwanamume wa mjini aliyesoma kidogo, mwenye shati lililopigwa pasi na suruali isiyobana. Aliyemzidi kwa usasa alikosea na aliyempungukia alikosea. Yeye alikaa katikati akajiita Afrika. Wanawake wa mjini na wachungaji wa kaskazini hawakuwa na kitu cha kufanana isipokuwa kwamba hawakuwa yeye. Na haikuwa Tanzania peke yake. Idi Amin alipiga mini marufuku Uganda mwaka wa 1972, na Kamuzu Banda wa Malawi akafuata kwa sheria mwaka wa 1973, akiongeza suruali kwa wanawake. Na sisi Nairobi tusijifanye watakatifu. Novemba 2014 wanawake waliandamana katikati ya jiji baada ya mwenzao kuvuliwa nguo kwenye steji na wanaume waliodai amevaa vibaya. Ni Kariakoo tu, miaka arobaini na sita baadaye.

Lakini rula hiyo haikuchongwa mwaka wa 1967. Ukitaka kuona mikono iliyoichonga, sikiliza Kiswahili chenyewe.

Tunasema mtu mstaarabu tukimsifu. Neno hilo limetoka katika Kiarabu na maana yake ya asili ni kuwa kama Mwarabu. Zamani Waswahili wa pwani walisema uungwana, na kipimo kilikuwa mji, nyumba ya mawe, dini na ulimi mzuri. Karne ya 19, masultani wa Oman walipotawala kutoka Zanzibar, ustaarabu ukapanda cheo. Upande wa pili wa neno hilo kulikuwa na mshenzi, yaani mtu wa bara, na kwa kawaida aliyekamatwa au aliyeweza kukamatwa akauzwa. Mavazi ndiyo yaliyotenganisha. Watumwa walivaa merekani, kitambaa cheupe cha bei ya chini ambacho hata jina lake linakuambia kilitoka Marekani, na hawakuruhusiwa kujifunika kichwa wala kuvaa viatu kama mabwana zao. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka wa 1897, moja ya mambo ya kwanza ambayo wanawake waliokuwa watumwa walifanya ni kubadilisha nguo. Waliacha merekani na kaniki wakavaa kanga za rangi, na baadaye buibui. Walijua vizuri kwamba mwili ndio cheti.

Wamisionari nao wakaja na kipimo chao. Mwongofu alitambuliwa kwa shati kabla ya kutambuliwa kwa imani. Shule ya misheni ilinyoa kichwa, ikatoa shanga, ikatoa kaptura. Kijana aliyetoka huko ndiye aliyekuwa karani, halafu mwalimu, halafu mwanasiasa, halafu mkuu wa mkoa. Kwa hiyo uhuru ulipofika rula ilikuwa tayari mkononi, imeshikwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amenyolewa utotoni na kuambiwa huko ndiko kuwa mtu. Simtetei. Lakini naona jinsi mtu anavyoweza kufanya unyanyasaji huku akidhani anagawa zawadi aliyopewa.

Sasa kwa nini Wamaasai hasa? Tanzania ina makabila zaidi ya mia moja na wengi walikuwa na chale, ndewe zilizotobolewa, meno yaliyochongwa. Nadhani ni kwa sababu mavazi yale yalibeba maisha ambayo serikali haikuyataka. Mtu wa lubega anahama na ng'ombe wake. Ujamaa ulitaka kijiji, na mtu anayehama hahesabiki kirahisi, hatozwi kodi kirahisi, na ardhi yake inaonekana tupu kwa yeyote anayeitamani. Ukishasema huyu ni mchafu na amebaki nyuma, hatua ya kusema hajui kuitumia ardhi hii ni fupi sana.

Kenya tuliijua hatua hiyo mapema. Mwaka wa 1904 Waingereza waliwatoa Wamaasai kwenye nyasi bora za Bonde la Ufa ili walowezi waingie, wakiahidi kwamba Laikipia itabaki yao. Mwaka wa 1911 wakawatoa na Laikipia. Wamaasai walikwenda mahakamani mwaka wa 1913 na wakashindwa, kwa hoja kwamba ule ulikuwa mkataba kati ya dola mbili na mahakama ya koloni haina mamlaka juu yake. Yaani walihesabiwa kuwa taifa huru kwa muda wa kutosha tu kushindwa kesi.

Baada ya uhuru Kenya haikuwapigia Wamaasai marufuku ya lubega kama jirani. Ilifanya kitu kingine. Desemba 1963 tuliweka ngao ya Kimaasai katikati ya bendera. Halafu tukawaweka kwenye kadi za posta, kwenye matangazo ya safari, kwenye mlango wa hoteli wakiruka juu mgeni anaposhuka garini. Tanzania ilisema usionekane hivyo. Kenya ilisema onekana hivyo, na usibadilike. Mimi naona ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alifuta kwa wembe, mwingine kwa kamera. Wote wawili walidai haki ya kuamua Mmaasai aonekaneje, na hakuna aliyemwuliza.

Na kubadilika ndiko alikokuwa akifanya muda wote. Hiyo shuka nyekundu ya mirabaraba unayoiona kama alama ya kale imeenea karne ya 20. Kabla yake walivaa ngozi. Shanga za kioo zilifika kwa biashara kutoka Ulaya, na akina mama wakazifanyia kazi mpaka zikawa lugha, rangi hii ina maana hii, mkufu huu ni wa mwenye mume. Walichukua kitu cha nje wakakifanya chao kwa masharti yao. Hilo ndilo watu wa rula hawakuweza kulielewa, kwamba Mmaasai hakuwa akikataa mapya. Alikuwa akikataa kuchaguliwa.

Hapa ningeweza kumaliza na wewe ungebaki na picha safi, mnyonge upande huu na mwonevu upande ule. Ila historia ya Laikipia haikubali.

Kwenye msitu wa Mukogodo waliishi Wayaaku, wawindaji na warina asali. Waliishi mapangoni, wakiongea lugha yao isiyofanana na Kimaa, na mahari kwao ilikuwa mizinga ya nyuki. Wamaasai walikuwa na neno moja kwa watu kama hao wote wasio na ng'ombe, Torrobo, ambalo Wazungu walilichukua wakaandika Dorobo, na halikuwa sifa. Uhamisho wa kikoloni ulipowasukuma wafugaji wanaoongea Kimaa karibu na msitu, mabinti wa Kiyaaku wakaanza kuolewa kwa ng'ombe. Wazazi walioonja ng'ombe hawakutaka tena mizinga. Kijana wa Kiyaaku asiye na mifugo akajikuta hana wa kumwoa. Mwanaanthropolojia Lee Cronk anaonyesha kwamba mgeuko huo ulifanyika haraka ajabu, kati ya 1925 na 1936. Watu walitoka mapangoni, wakajenga nyumba za Kimaasai, wakavaa shanga za Kimaasai, wakawalea watoto wao kwa Kimaa. Lugha ya Kiyaaku leo imebaki kwa wazee wa kuhesabika.

Hakuna serikali iliyotoa amri. Hakuna aliyekamatwa. Ilitosha kwamba mrembo awe yule mwenye shanga na mwanamume awe yule mwenye ng'ombe. Hivyo ndivyo utamaduni wenye nguvu unavyofanya kazi siku za kawaida. Operesheni zenye majina ni za kelele, lakini lugha ya Kiyaaku iliuawa na posa.

Wamaasai wenyewe waliijua mizani hii vizuri. Walikuwa na neno ormeek kwa mtu wa nje, Mswahili, na baadaye kwa Mmaasai mwenzao aliyesoma, akabatizwa, akavaa suruali. Kwa hiyo miaka ya sitini kulikuwa na kijana ambaye mjini alichekwa kwa lubega na nyumbani alichekwa kwa suruali, na njiani kati ya pande hizo mbili alibeba nguo zote kwenye mfuko mmoja. Sijui jina lake lakini nina hakika unamjua. Kila mmoja wetu ana lafudhi moja ya ofisini na nyingine ya nyumbani.

Leo operesheni ile imesahaulika na mambo yamepinduka. Louis Vuitton walipitisha mirabaraba ya shuka kwenye mitindo yao ya kiume ya msimu wa 2012, na hakuna aliyesema ni uchafu. Mwaka wa 2018, kwa ombi la Kenya, UNESCO iliiweka eunoto pamoja na enkipaata na olng'esherr kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Dar es Salaam na Zanzibar utawakuta vijana wa Kimaasai wakiwasuka wanawake wa mjini, vidole vyepesi, msuko mwembamba uliopangika. Ujuzi uliozoeleka kwenye kichwa cha morani sasa unalipiwa saluni. Lakini yule yule anayesuka vizuri hivyo, na yule anayelinda geti usiku, mara nyingi huitwa jina moja tu. "We Maasai, njoo." Jina alilopewa na mama yake halina kazi mjini.

Na picha bado inathaminiwa kuliko mtu. Juni 2022, Loliondo, polisi na wananchi walikabiliana serikali ya Tanzania ilipokuwa ikiweka mipaka ya eneo la takriban kilomita za mraba 1,500 ambalo wafugaji walilitegemea. Afisa mmoja wa polisi aliuawa, wananchi wakajeruhiwa, baadhi wakavuka kuja Kenya kutafuta matibabu. Mwaka huo huo familia zilianza kuhamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, mkoani Tanga. Sababu zilizotolewa ni uhifadhi. Lakini tazama tangazo lolote la utalii la ukanda ule, kisha uhesabu ni mangapi hayana shuka nyekundu ndani yake. Shuka inabaki kwenye tangazo. Mwenye shuka ndiye anayepandishwa kwenye lori.

Huku kwetu wembe bado uko shuleni. Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba shule ilikosea kumfukuza msichana wa Kirastafari kwa sababu ya rasta zake, kwamba nywele hizo ni imani yake. Uamuzi mzuri. Lakini ulimlinda kwa sababu aliweza kuonyesha dini. Mwingine ambaye nywele zake ni za ukoo tu, au ni zake tu, bado atapangwa foleni siku ya kufungua shule na mwalimu mwenye mashine, na ataambiwa maneno yale yale ya 1967, usafi na nidhamu.

Kwa hiyo nikisikia mjadala wa urembo ukianza, sikimbilii tena kuuliza kama kitu ni cha kwetu au cha kigeni. Swali hilo liliwahi kumpiga dada wa Kariakoo na kumnyoa kijana wa Monduli kwa wakati mmoja. Mimi nauliza wembe uko mkononi mwa nani, na aliyenyolewa alikuwa na nafasi ya kusema bado. Mama wa morani alikuwa na wembe pia. Tofauti ni kwamba yeye alingoja miaka mpaka mwanawe awe tayari, na alipomaliza kunyoa, kijana alikuwa ameongezewa kitu.